Baba, shangazi, na sasa kaka: saratani ya utumbo mpana inarithiwa?

Kitindamimba

Habari zenu ndugu zangu. Mnisamehe nikiwa mrefu, ila naona nikikata maneno mtanijibu nusu.

Baba yetu alifariki akiwa na miaka 48. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa akichoka hovyo. Akapimwa, akaambiwa damu imepungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Ikapanda kidogo, ikashuka tena. Akaongezewa vidonge. Mwanaume wa miaka 47, hana jeraha, hapati hedhi, na hakuna aliyejiuliza hiyo damu inakwenda wapi. Alipokuja kupimwa kwa kamera ya kuingizwa njia ya haja kubwa, uvimbe ulikuwa kwenye utumbo mpana upande wa kulia, na ulikuwa umeshafika kwenye ini. Aliishi miezi minne.

Shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, alikuwa ametangulia miaka mitano nyuma akiwa na 51. Yeye ilikuwa saratani ya mji wa mimba. Nyumbani tuliuhesabu kuwa msiba mwingine kabisa, hakuna aliyeunganisha.

Sasa ni kaka yangu, ana 41. Wifi ndiye aliyeona: akipanda ngazi anashika ukuta, na viganja vimekuwa vyeupe. Safari hii nilipiga kelele mwenyewe, nikasema sitaki kusikia vidonge vya damu kabla ya kamera. Wakakuta uvimbe, upande uleule wa kulia. Amefanyiwa upasuaji wiki tatu zilizopita, ameanza kula, anatembea mpaka uani na kurudi. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Kilichonileta hapa ni karatasi. Ripoti ya patholojia, ya maabara iliyouchunguza uvimbe, ninayo mapajani, nimeikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Mstari wa pili kutoka mwisho unasema protini za MLH1 na PMS2 zinaonekana, za MSH2 na MSH6 hazionekani. Halafu: inashauriwa mgonjwa aonwe na mshauri wa vinasaba. Aliyemruhusu kaka kurudi nyumbani hakuugusa mstari huo kabisa. Alizungumzia kidonda na tarehe ya kutoa nyuzi, basi.

Hii maana yake ni ya kurithi? Mimi nina 36, watoto wawili, wa 11 na wa 7. Kaka ni baba mtupu, sura, mwendo, hadi kikohozi. Mimi kila mtu anasema nimemfuata mama. Hilo linanipunguzia? Nikapime damu kesho? Na kaka mwenyewe hataki kusikia neno jeni. Anasema, "Nimeshakatwa, kimeondoka, niacheni."

Mama Wawili

Pole sana mdogo wangu. Mimi ninayo jeni mbovu ya namna hii, si hiyo ya kwenu ila ndugu yake, MLH1. Mwaka wa 13 huu naishi nikijua. Nakujibu kama mwenzako. Ya daktari atakuambia daktari.

La sura liondoe kichwani leo. Kila jeni tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Baba yako, kama ndiye aliyekuwa nayo, alikuwa na nakala moja mbovu na moja nzima, na kila mtoto alipewa moja tu kati ya hizo mbili. Nusu kwa nusu, kila mimba upya. Kaka kuipata hakukukingi wewe wala hakukuongezei. Pua na mwendo vimeandikwa kwingine. Kwetu sisi, dada yangu ambaye ni mama mtupu ndiye aliyetoka salama. Mimi ninayefanana na baba ndiye niliyeirithi kwa mama.

La kupima damu: usianze wewe. Aanze kaka. Yeye ndiye mwenye ugonjwa, kwa hiyo jeni mbovu ikipatikana kwake, maabara itajua hasa herufi gani imeharibika na mahali gani. Baada ya hapo wewe unapimwa mahali hapohapo tu, na jibu lako linakuwa la ndiyo au hapana. Ukianza wewe ukaambiwa hakuna kitu, utabaki hujui: ni kwamba hukurithi, au ni kwamba hawakuiona iliyo kwenu? Dada yangu alianza hivyo, kabla mama hajapimwa. Alipewa karatasi safi, akafanya sherehe, kisha akaambiwa karatasi ile haina maana mpaka ya mama ijulikane. Alilia kuliko siku aliyokuwa na hofu. Ya mama ilipojulikana alipimwa tena, na safari hiyo usafi wake ukawa wa kweli.

Lakini kamera usiisubirishe kwa ajili ya jeni. Hata tukiweka jeni pembeni, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani hii akiwa kijana anashauriwa aanze kupimwa kwa kamera miaka 10 kabla ya umri wa aliyeugua mapema zaidi. Kaka ana 41. Toa 10, ni 31. Wewe una 36. Umeshachelewa miaka mitano, mdogo wangu, na hili ndilo la kufanya kesho.

Na kuhusu shangazi. Nilipofika pale ulipoandika mji wa mimba nilisimama kusoma. Huo msiba si mwingine kabisa. Jeni hizi huleta saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba zaidi ya zote, halafu nyingine kama ya ovari, ya tumbo, ya njia ya mkojo. Mwaka 1895 fundi cherehani mmoja huko Marekani alimwambia daktari Aldred Warthin wa Chuo Kikuu cha Michigan kwamba anajua atakufa mapema, kwa saratani ya mji wa mimba au ya tumbo au ya utumbo, kwa sababu ndivyo wanavyokufa watu wa kwao. Akafa kweli, kwa ya mji wa mimba. Yule mama hakuwa na maabara. Alikuwa na hesabu ya makaburi ya kwao, akaisoma sawasawa. Warthin aliuchapisha ukoo huo mwaka 1913. Henry Lynch, daktari wa Nebraska, akaandika koo nyingine kama huo mwaka 1966, na kwa miaka mingi alikuwa akiambiwa hayo ni mazingira tu. MSH2 yenyewe ikagunduliwa mwaka 1993, MLH1 mwaka uliofuata. Hali hii inaitwa sindromu ya Lynch kwa jina la daktari huyo wa Nebraska.

Kwa hiyo chukua daftari usiku wa leo. Andika baba, shangazi, babu, bibi, baba wadogo na wakubwa, binamu wote. Kila mtu aliugua nini, akiwa na miaka mingapi. Umri ndio unaosema zaidi.

Mtembezi

Poleni na kuuguza. Mimi nitasema tofauti kidogo, na nasema kwa nia njema. Baba yangu aliugua saratani hiihii akiwa na 74. Tuko watoto saba, mkubwa wetu ana 60, na sote wazima. Tukianza kuambiana kila kitu ni damu ya ukoo, watu watakata tamaa na kuacha yaliyo mikononi mwao. Nyama za kusindika, pombe, sigara, unene, kukaa kitako kutwa: haya yamethibitishwa. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliziweka nyama za kusindika kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani mwaka 2015, na walitaja hesabu, gramu 50 kila siku zinapandisha hatari kwa kama asilimia 18. Dada, chunguzeni kwanza mnavyoishi kabla ya kuitafuta kwa marehemu.

Darubini

Mtembezi, uliyosema kuhusu nyama, pombe na sigara ni kweli tupu. Na baba yako wa miaka 74 ni mfano mzuri wa saratani nyingi za utumbo: zinakuja uzeeni, bila jeni moja nzito nyuma yake. Lakini ndugu yetu hajaleta mzee wa 74. Ameleta watu watatu wa damu moja, wa 48, 51 na 41, vizazi viwili, na karatasi ya MSH2. Hayo hayako kwenye kapu moja.

Nafanya kazi kwenye maabara ya patholojia, na slaidi za aina hiyo napaka rangi mwenyewe. Niwaeleze kinachoonekana. Tunakata kipande cha uvimbe chembamba kuliko karatasi, tunakiweka kwenye kioo, tunakipaka kimiminika kinachoshika protini moja tu. Ikiwepo, viini vya seli vinakuwa vya kahawia. Kwenye kioo cha MSH2 cha mtu kama kaka yako, ukuta mzima wa utumbo ulio pembeni una vidoti vya kahawia, seli za kinga zilizopenya katikati zina vidoti vya kahawia, na seli za uvimbe zenyewe zimebaki za buluu, tupu. Mpaka unauona kwa macho, kama mstari wa maji ufukweni. Nikiiona hivyo kwa mtu wa miaka 41 huwa naenda kutafuta faili lake kuona kama kuna aliyeuliza habari za ndugu.

Sasa kwa nini mbili zimepotea? Kila seli ikigawanyika inanakili herufi zake zote za DNA, takribani bilioni sita, na hukosea. Hukosea hasa pale herufi moja inapojirudia, A nane au tisa mfululizo. Hapo huteleza ikaongeza moja au ikaruka moja. MSH2 na MSH6 hutembea wameshikana juu ya uzi mpya wakitafuta hayo makosa. Wakilikuta, MLH1 na PMS2 wanaitwa, kipande kinakatwa, kinaandikwa upya. MSH6 haiwezi kusimama bila mwenzake. MSH2 ikikosekana, nayo huvunjwavunjwa na seli yenyewe. Kwa hiyo ukiona zote mbili hazipo, mtuhumiwa wa kwanza ni MSH2.

Aliyerithi anazaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli, na ile nzima inatosha kufanya kazi. Ndiyo maana mtoto anakua vizuri. Siku moja, kwenye seli moja ya utumbo, ile nzima nayo inaharibika. Seli hiyo sasa haina mkaguzi. Makosa yanarundikana kwa kasi, na kijinyama kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, ambacho kwa mtu mwingine kingechukua miaka 10 au zaidi kuwa saratani, kwake kinaweza kuchukua miaka 2 au 3. Na hapa ndipo Mtembezi na mimi tunakutana: hiyo nakala ya pili kuna walio nayo hadi uzeeni bila kupotea mahali pabaya, na namna mtu anavyoishi ina mchango wake.

Kuhusu ukubwa wa hatari. Mwenye MSH2 au MLH1 mbovu, uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kufikia miaka 75 ni karibu nusu. Kwa MSH6 ni mdogo zaidi, kwa PMS2 ni kama 10 kati ya 100. Si kila aliyerithi anaugua. Na watu hawa si wachache kama inavyodhaniwa: mtu 1 kati ya 280 hivi ana mojawapo, wengi wao hawajui. Kwenye saratani zote za utumbo mpana, kama 3 kati ya 100 zinatokana na Lynch.

Zaidi ya hizo nzito kuna nyingine nyepesi, na nadhani hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Tangu mwaka 2007 wanasayansi wamekuwa wakilinganisha DNA za maelfu kwa maelfu ya wagonjwa na wazima, na hadi sasa wametaja sehemu zaidi ya 200 ambako herufi moja tofauti inapandisha au kushusha hatari kidogo sana. Mojawapo ya za kwanza iko kwenye kromosomu ya 8. Moja peke yake haina la kukufanya. Zikijumlishana kwa mtu mmoja zinaweza kumsogeza juu ya wengine, na hiyo ni sababu mojawapo ya koo ambazo saratani inajirudia bila jeni yoyote kubwa kupatikana. Tatizo, na linaniuma, ni kwamba sehemu hizo zilitafutwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Alama zinazotolewa kwa hesabu hizo zinapotea njia zikitumiwa kwa mtu mwenye asili ya Afrika. Ukiona mtu anauza kipimo cha mate cha alama za hatari, usikilinganishe na kipimo cha MSH2.

Mtembezi, na moja la mwisho kwako. Mwaka 2000 walichapisha hesabu ya mapacha wa Sweden, Denmark na Finland, jozi 44,788. Kwa saratani ya utumbo mpana, tofauti kati ya watu zilielezwa na urithi kwa kama asilimia 35. Kubwa iliyobaki ni ya maisha na mazingira. Yote mawili yana haki ya kusemwa.

Mtembezi

Nimekuelewa Darubini, na nashukuru kwa subira. Hilo la umri sikulipa uzito. Kitindamimba, dada yangu, futa ile sentensi yangu ya marehemu. Mpeleke kaka.

Wa Kwanza Kwetu

Naongeza la kwangu kwa sababu naona mnazungumzia historia ya ukoo tu. Mimi kwetu hakuna hata mmoja aliyeugua utumbo, si upande wa baba si wa mama. Nilianza kuona damu na ute chooni nikiwa na miaka 18, nikaona aibu, nikanyamaza mwaka. Kamera ilipoingia, aliyekuwa anaishika aliacha kuhesabu. Ukuta mzima ulikuwa umejaa vijinyama, vingine kama punje ya mchele, vingine kama ncha ya kidole. Mamia. Ni jeni nyingine, inaitwa APC, iko kwenye kromosomu ya 5. Yangu ilianza kwangu mwenyewe. Wazazi walipimwa hawana. Kwa ugonjwa huu kama robo ya wagonjwa ni hivyo, wa kwanza kwao. Ukiuacha, saratani ni karibu hakika, kwa wastani kwenye miaka 39. Nilitolewa utumbo mpana wote nikiwa na 20. Leo nina 33, nafanya kazi, nina mtoto mmoja wa miaka 9. Amepimwa. Anayo. Kamera yake ya kwanza imepangwa mwakani.

Nimeandika hili kwa wale wanaosoma kimya wakisema kwetu hamna. Damu chooni si ya kuona aibu.

Kitindamimba

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili wifi asikie. Wa Kwanza Kwetu, sina la kukuambia ila kwamba nimemwombea mwanao.

Daftari nimeanza. Mama amenikumbusha kitu ambacho sikukijua: babu mzaa baba alifariki "kwa tumbo" akiwa bado ana nywele nyeusi. Umri wake hakuna anayeujua. Nimeandika hivyohivyo, nywele nyeusi.

Kaka bado amekataa. Nimemwambia ni kwa ajili ya watoto, akasema watoto wake ni wadogo, asiwapakie mzigo. Nimsemeje?

Mama Wawili

Usimwambie ya watoto kwanza. Mtu aliyetoka kukatwa tumbo ukimwambia huenda amewapa wanawe hilohilo, unamwongezea kidonda. Mwambie ya kwake.

Ya kwanza, kilichoondoka ni uvimbe na kipande cha utumbo. Utumbo uliobaki una jeni ileile. Akithibitishwa, ataangaliwa kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili badala ya kila mitatu au mitano, na huo ndio ulinzi wake. Ya pili, uvimbe wa namna yake una makosa mengi kiasi kwamba kinga ya mwili inautambua ikisaidiwa. Kuna dawa zinazoiondolea kinga breki. Mwaka 2017 Marekani waliidhinisha mojawapo, pembrolizumabu, kwa uvimbe uliosambaa wenye kasoro hii, popote ulipoanzia mwilini. Siombi afikie kuihitaji. Lakini daktari wake ajue tangu sasa kwamba mlango huo upo.

Ya tatu ni aspirini. Walifanya utafiti kwa watu 861 wenye Lynch, nusu wakapewa miligramu 600 kwa siku kwa miaka 2 na zaidi, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 10, waliopata saratani ya utumbo kwenye kundi la aspirini walikuwa 9 kati ya 100, kwenye kundi la pili 13 kati ya 100. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2020. Asiinunue mwenyewe. Inaweza kutoboa tumbo na kumwaga damu, na yeye ametoka kuishiwa damu. Aulize tu.

Mimi mwenyewe nilikataa miezi sita. Kilichonigeuza ni nesi mmoja wa chumba cha kamera, aliniambia, "Dada, hiyo jeni unayo au huna tangu tumboni mwa mama yako. Kipimo hakiiweki." Nikapima. Miaka minne baadaye walinikuta na kijinyama cha milimita 8, bapa, kimejilaza nyuma ya mkunjo upande wa kulia, rangi ileile ya ukuta. Waliingiza maji chini yake kikainuka, wakakikata kwa waya. Nilikiona kwenye skrini, nikiwa macho. Kilikuwa kimeanza kubadilika lakini hakijawa saratani. Nilikwenda nyumbani siku hiyohiyo nikapika. Mama yangu kwa kitu kama hicho alizikwa.

Na wewe ukifika zamu yako ya kamera: nusu ya dawa ya kusafisha tumbo kunywa jioni, nusu alfajiri. Iweke kwenye barafu, tumia mrija, pakaa mafuta sehemu ya haja kubwa kabla hujaanza kuharisha. Usidanganye ukaacha kikombe cha mwisho. Kijinyama bapa cha milimita 8 hakionekani kwenye utumbo mchafu.

Darubini

La kiufundi, muwaambie wanaotoa damu ya kaka. MSH2 si kila mara huharibika kwa herufi moja. Mara nyingine kipande kizima hung'oka. Kipimo kinachosoma herufi tu kinaweza kupita juu ya pengo bila kuliona, kwa hiyo ulizeni kama wanaangalia na vipande vilivyopotea. Waangalie pia jeni ya jirani, EPCAM. Mwisho wake ukikatika, MSH2 iliyo mbele yake inazimika ingawa yenyewe ni nzima.

Na mjiandae kwa jibu la tatu. Kuna ndiyo, kuna hapana, na kuna "badiliko ambalo maana yake haijajulikana". Likija hilo, asipimwe ndugu yeyote kwa hilo, na asikatwe kiungo mtu kwa hilo. Mnaendelea kufuata historia ya ukoo, mnauliza tena baada ya mwaka. Wakati mwingine pia unakuta damu ni safi kabisa, uvimbe ndio ulipoteza nakala zote mbili wenyewe. Kwa umri wa kaka na kwa shangazi yenu sidhani, ila niliyoyaona kazini siwezi kuyaficha.

Kitindamimba

Wiki tisa zimepita, nimerudi kama nilivyoahidi wifi kwamba nitarudi.

Kaka alikubali. Sikumwambia mimi, alisoma yale ya Mama Wawili mwenyewe kwenye simu ya mkewe, akarudisha simu, akasema, "Lini?" Jibu limetoka juzi. Ni MSH2, na ni kama Darubini alivyosema, kipande kimeng'oka. Mshauri wa vinasaba alituchorea mraba kwa wanaume na duara kwa wanawake, akapaka wino kwa baba, kwa shangazi, kwa kaka, na kwa babu akaweka alama ya kuuliza. Kaka alikaa akiutazama ule mchoro muda mrefu. Kisha akauliza kama wenye wino wangeweza kupona wangejua. Yule mama mshauri alimjibu polepole kwamba vijinyama vingi huondolewa kabla havijawa saratani. Kaka akatikisa kichwa.

Mimi kamera nimeshafanya. Vijinyama viwili, kimoja milimita 5, kimoja 6, vimetolewa, vyote si saratani. Damu yangu imechukuliwa Jumatatu, jibu bado. Nalala sasa, si kama mwanzo.

Lililokuwa gumu ni binamu, binti wa shangazi. Ana 39. Hatujaongea vizuri tangu msiba wa mama yake. Nilimpigia, nikamsomea barua ya ukoo ambayo mshauri alituandikia. Alinyamaza, kisha akasema, "Miaka yote hii nilijua mama aliumwa peke yake." Ameomba nakala ya barua. Jana alinitumia picha ya kadi yake ya kliniki, ana miadi ya tarehe 14.

Mama Wawili, swali langu la mwisho kwako. Wako uliwaambiaje? Wangu wa 11 ameshaanza kuuliza kwa nini nilishinda chooni.

Mama Wawili

Wa 11 mwambie ukweli wa leo: mama alikuwa anasafisha tumbo ili daktari aliangalie kwa kamera, kwa sababu babu aliumwa tumbo. Inatosha. Jeni hii haipimwi kwa watoto kabla ya miaka 18, kwa sababu hakuna cha kufanya mapema hivyo. Kamera huanzia kwenye 20 hadi 25. Tofauti na ile ya Wa Kwanza Kwetu, ambayo inataka mapema.

Wangu niliwaambia wakiwa wakubwa kidogo, wote pamoja, mezani, siku ya kawaida tu. Wa kwanza alitaka kupima wiki aliyotimiza 18. Anayo. Sasa ana 23, ameshafanya kamera moja, safi. Wa pili ana 19 na hataki kujua bado. Sijamsukuma. Ameniambia akifika 20 tukae tena, na tarehe ameiandika mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni.